Mama Yako Alipomsemea Adui Yetu

Wakesho mwanangu,

Mama yako yuko nje anakaanga njugu za safari yako, nawe umekwenda kwa majirani kuaga wenzako. Nimeona nafasi yangu ndiyo hii, kabla hamjarudi mkaijaza nyumba. Kesho kwenye stesheni sitaweza kusema kitu cha maana. Unanijua. Nitashika sanduku lako, nitauliza kama tiketi iko, nitaangalia reli kana kwamba nimekwenda kuikagua, na gari litaondoka.

Mambo ya nguo, ya baridi ya bara, ya kula na ya kuandika barua, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena asubuhi. Sitayarudia. Nataka kukusimulia habari yake yeye, kwa sababu yeye mwenyewe hataisimulia. Nimepata kumwambia, "Mtoto amekuwa mkubwa, mwambie." Akanijibu, "Nimwambie nini? Hakuna cha kusimulia pale." Mimi naona kipo. Katika maisha yangu yote sijaona jambo kubwa kuliko lile, na nimeona mengi kwenye reli hii kutoka pwani hadi Taveta.

Utakumbuka ulipokuja likizo kutoka shule ya bweni ukakuta nyanya yako Saru haji tena kwetu Voi, na tulipopanda milimani Mwanda kumwona, alikupokea wewe akampita mama yako kama mtu anavyopita jiwe la njiani. Uliniuliza kuna nini. Nikakwambia ni mambo ya wakubwa. Lilikuwa jibu la mtu mvivu. Leo nakujibu.

Inanibidi nianze na mjomba wako Mwakio, kitinda mimba wa nyanya yako. Wewe unamkumbuka kwa kuimba na kwa kukubeba mabegani. Alikuwa akikata mkonge katika shamba moja kule chini, na nyapara wake alikuwa mtu wa milima yetu hii hii, jina lake Mwandoe. Mwandoe hakuwa mtu wa kupiga sana. Ubaya wake ulikuwa mwingine: alikuwa hakuoni. Kwake mkata mkonge ni panga; likiwa kali lifanye kazi, likiwa butu litupwe.

Asubuhi moja Mwakio aliamka na homa. Akaenda kwa Mwandoe kuomba ruhusa ya kwenda hospitali, maana bila ruhusa ya nyapara siku yako imepotea na pengine kazi pia. Mwandoe akamwambia, "Maliza kipimo chako kwanza, ndipo uugue." Wenzake walisikia, wengine wakacheka, kwa sababu ilisemwa kama mzaha. Mwakio akaingia kwenye mistari ya mkonge katika jua lile unalolijua. Alimaliza kipimo. Halafu akakaa chini, na hakuinuka tena. Rafiki yake Onyango, yule Mjaluo mrefu aliyekuwa akija kwetu Jumapili, alimbeba mgongoni kuelekea barabarani. Alifika barabarani amebeba maiti.

Tulikwenda kushtaki. Tuliambiwa homa ni homa, haina mwenyewe, na kwamba kijana alikuwa huru kwenda hospitali kama kweli alikuwa mgonjwa. Neno hilo, "huru", lilisemwa hivyo hivyo mbele ya mama yako. Hakukuwa na korti kwa ajili ya Mwakio. Shikilia hilo, Wakesho, usije ukadhani mama yako alikuwa mtu ambaye sheria ilimtendea mema akailipa.

Tangu siku hiyo jina la Mwandoe halikutajwa nyumbani kwetu. Nyanya yako alilitaja mara moja tu, juu ya kaburi, na alilolisema sitaliandika.

Kiangazi kilichofuata ghala la mkonge la shamba lile liliungua. Lilianza jua likielekea kutua, na mkonge mkavu hauungui, unalipuka. Moshi wake ulionekana hadi huku stesheni. Ndani alikuwamo mzee Mutiso, Mkamba aliyekuwa mlinzi, mzee mpole aliyekuwa akichonga vijiko vya mti na kuwagawia watoto. Hakutoka.

Jana yake Mwandoe alikuwa amegombana na mzee Mutiso mbele ya watu, na alikuwa amemwambia, "Wewe na ghala lako mtaniona." Hilo lilitosha. Polisi walimkamata, na ghafla kila mtu akawa na neno juu yake. Mmoja alimwona karibu na ghala. Mwingine aliona kiberiti. Sisemi wote walisema uongo. Mtu akimchukia mtu sana, macho yake humwona kila mahali. Kwa kuwa mtu amekufa, jambo lenyewe lilikuwa la kitanzi.

Habari hizo nilizileta nyumbani mimi, nikitoka kazini, na sitakuficha kwamba nilizileta kwa furaha. Nilimwambia mama yako, "Mungu amelala siku nyingi, lakini ameamka." Alikuwa akipepeta mahindi. Aliacha kupepeta.

"Ghala liliungua siku gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Saa za jua kutua?"

"Ndiyo. Sisi wa reli tuliuona moshi."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Siku ile nilikuwa Maungu."

Nikasema najua, alikuwa amekwenda kuuza ndizi na mboga kwa abiria, kama kawaida yake. Akasema, "Mwandoe naye alikuwa Maungu."

Alimwona kwa macho yake. Mwandoe alikuwa amekaa kwenye stesheni juu ya gunia, amevua kiatu, anashika mguu uliovimba. Jua lilikuwa likitua. Mama yako alikuwa karibu naye kiasi cha kuona usaha. Walitazamana, kila mmoja akageuka. Mama yako aliniambia hata alilowaza wakati ule: aliuombea mguu ule uoze. Gari lilichelewa, giza likaingia, na Mwandoe alikuwa bado amekaa pale pale. Maungu na lile ghala unavijua vilivyo mbali. Mtu hawezi kuwa kote kuwili.

Nikacheka. Nikasema, "Basi ni mimi na wewe tu tunaojua. Mambo yamekwisha."

Hakucheka.

Siku zilizofuata nilimwambia kila neno ambalo mume anaweza kumwambia mke. Nilimwambia hakuna aliyemwita shahidi. Nilimwambia korti ile si yetu, ni ya serikali, na serikali hiyo hiyo haikumjali ndugu yake. Nilimwambia siku hizi za hali ya hatari mtu mweusi haendi mwenyewe mbele ya hakimu akatoka jinsi alivyoingia. Nilimwambia habari yako wewe, kwamba uko shule, na jina letu likichafuka litakufuata. Maneno yangu yote yalikuwa na akili ndani yake. Hata leo nikiyapima sioni lililokuwa la kijinga.

Yeye hakubishana. Alikuwa akinisikiliza, halafu anasema, "Lakini alikuwa Maungu." Kama mtoto anayejifunza sentensi moja.

Watu wana masikio. Haukupita muda Onyango akaja kwetu na mwenzake mmoja wa kule shambani. Hawakuja kwa ubaya. Onyango alikaa pale unapopenda kukaa wewe, karibu na mlango, akakataa chai.

Akasema, "Dada, mimi nilimbeba Mwakio. Unajua."

"Najua, ndugu yangu. Sitasahau."

"Sisi hatuji kukuambia useme uongo. Mungu apishe mbali. Tunakuomba usiseme kitu. Nyamaza tu. Kunyamaza si dhambi."

Mama yako akamuuliza, "Onyango, wewe unaamini Mwandoe alichoma ghala?"

Onyango alitazama mikono yake. "Alimuua Mwakio," akasema.

"Sikukuuliza hilo."

"Ni hilo hilo, dada. Asipofungwa kwa hili hatafungwa kwa lile. Wakimnyonga kwa moto, sisi tutajua amenyongwa kwa ajili ya nani."

Hapo ndipo mama yako alipozungumza kwa kirefu. Niliyasikia nikiwa nimesimama nyuma yake, nami nitayaandika kadiri ninavyoyakumbuka. Alisema, "Mwandoe alimfanya ndugu yangu panga. Alimtumia, akaharibika, akamtupa. Ndiyo maana namchukia, Onyango, na chuki yangu ni kubwa kuliko yenu nyote, kwa sababu mimi nilimlea yule kijana. Sasa mnataka nimchukue Mwandoe nimfanye panga langu, nimtumie kukata kiu yangu. Tukishafanya hivyo, tutamwambiaje kwamba alikosa? Atatuuliza, 'Nyinyi mmefanya nini?' Na huyo mzee Mutiso je? Aliyemchoma, kama yuko, atakaa nje anakula na sisi."

Yule mwenzake Onyango akasema kwa hasira kidogo, "Hiyo ni haki ya nani, mama? Ya Wazungu?"

"Haki ikiwa ya ndugu zangu peke yao," mama yako akasema, "huo ni undugu tu. Jina la haki silioni hapo."

Walitoka bila kuaga vizuri. Onyango alipofika mlangoni alirudi akamshika mama yako mkono. Hajaja tena Jumapili, nawe umekuwa ukiuliza yuko wapi.

Halafu lilikuja lile lililokuwa gumu kuliko yote. Mama yako alisema hawezi kwenda kusimama kortini kabla ya kumwambia mama yake. Nilimsihi asimwambie, mzee wa watu atasikia baadaye, yatakuwa yamekwisha. Akasema, "Mwakio ni mwanawe. Hawezi kusikia sokoni." Basi tulipanda Mwanda pamoja, kwa lori hadi lilipofika na kwa miguu huko kwingine, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nilimwona akitetemeka, nikadhani ni baridi. Naomba ulijue hilo: mama yako aliogopa. Watu wengine huzaliwa hawana hofu na sisi huwaita mashujaa. Yeye aliogopa tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Nyanya yako alikuwa akichambua maharagwe. Mama yako alipiga magoti mbele yake akamweleza yote kwa Kidawida chetu, polepole, bila kuficha. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na maharagwe.

Kisha akasema, "Mghoi, mimi nilikuzaa wewe na nilimzaa Mwakio. Mwakio hana mdomo tena. Wewe ulikuwa mdomo wake. Sasa unakwenda kuukodisha kwa aliyemuua?"

"Mama, alikuwa Maungu."

"Hata angekuwa mbinguni!"

"Mama, nikinyamaza nitakuwa nimemuua kwa ulimi wangu."

"Muue!" nyanya yako akapiga kelele. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti. "Muue! Ni nani atakuuliza?"

Mama yako akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo sana, hata mimi niliyekuwa mlangoni niliisikia kwa shida, "Hakuna, mama. Hakuna hata mmoja atakayeniuliza. Ndiyo maana ni lazima niende."

Nyanya yako akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulishuka mlima bila maji ya kunywa.

Nilitafakari maneno yale miezi mingi, nikiwa nagonga misumari ya reli. Mimi nililelewa nikijua wajibu ni mzigo anaokutwisha mkubwa wako. Chifu anakutwisha, padre anakutwisha, inspekta wa reli anakutwisha. Ukimwona anakuja unakaza mwendo, akipita unatua mzigo upumzike. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mzigo ambao hakuna aliyekutwisha, ambao ungeweza kuuacha njiani na dunia nzima ikakushukuru, lakini mtu akainama mwenyewe akaubeba kwa sababu ameuona kuwa ni wake.

Shauri lilisikilizwa hapa Voi, mbele ya hakimu, kabla ya kupelekwa Mombasa kwa majaji. Chumba kilijaa hadi madirishani. Mama yako alikuwa amejipeleka polisi na kuandikwa. Afisa alimuuliza mara nyingi kama amelipwa. Alivaa kile kitenge chake cha kanisani. Alipoitwa alipita katikati ya watu waliokuwa wakimjua tangu utoto, na hakuna aliyesogeza goti kumpisha.

Mwandoe alikuwa kizimbani, amekonda, mguu umefungwa kitambaa. Alipomwona mama yako alifumba macho. Nilikielewa alichokiwaza. Aliwaza: huyu amekuja kunimaliza.

Mama yako akasema aliyoyaona. Stesheni ya Maungu, gunia, kiatu, mguu, jua linatua, gari limechelewa. Mkalimani alikuwa akitafsiri kipande kwa kipande. Mwandoe alifumbua macho. Sijui nikuelezeeje uso wake, Wakesho. Haukuwa uso wa furaha. Ulikuwa kama wa mtu aliyesikia mlima ukisema jina lake.

Hakimu akamgeukia. "Ulijua shahidi huyu alikuwapo pale?"

"Ndiyo, bwana. Nilimwona."

"Mbona hukumtaja kwa polisi?"

"Sikuona faida. Yeye ana kisa na mimi." Akaongeza, "Ningekuwa yeye, nisingekuja."

Hakimu akaandika, kisha akamtazama mama yako. Akauliza kupitia mkalimani, "Huyu ni jamaa yako?"

"La."

"Ni rafiki yako?"

"La. Ndiye aliyemzuia ndugu yangu asiende hospitali mpaka akafa."

Watu walivuma kama nyuki. Askari akapiga meza. Hakimu alingoja mpaka kukawa kimya, akavua miwani.

"Basi kwa nini umekuja?"

Na mama yako akasema, "Kwa sababu alikuwa Maungu."

Mkalimani alibaki mdomo wazi, akingoja sehemu ya pili ya jibu ili atafsiri yote pamoja. Sehemu ya pili haikuwapo. Mwishowe akatafsiri hayo hayo.

Mwanangu, miaka ile nilipopelekwa pamoja na gangi yetu ya reli kutengeneza njia ya Taveta, Mtaveta mmoja wa kazini alinichukua siku ya mapumziko kunionyesha ziwa Chala. Tulikuwa tukipanda kilima kikavu, cha mawe na miiba, kama vilima vingine vyote vya kule. Nilikuwa nanung'unika kwamba hapa hakuna ziwa. Tukafika ukingoni, ardhi ikakatika mbele ya vidole vyangu, na huko chini kabisa maji yalikuwa yamelala, ya buluu nisiyoijua jina, na hakuna mto niliouona ukiyaleta. Nilikaa chini. Yule Mtaveta alinicheka akasema wote hukaa.

Pale kortini nilikaa chini vile vile, ingawa nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu, nimekula mikononi mwake, nimemkaripia kwa chumvi iliyozidi. Kumbe nilikuwa nikipita kila siku juu ya kilima na sijafika ukingoni.

Na jambo lililonishangaza zaidi, hata leo linanishangaza, ni kwamba alikuwa huru. Tulikuwa watu wengi ndani ya chumba kile. Hakimu alikuwa na sheria zake na wakubwa wake. Askari walikuwa na amri zao. Sisi tuliojaa madirishani tulikuwa na hasira yetu, nayo ilikuwa ikituvuta puani kama ng'ombe. Mimi nilikuwa na hofu yangu. Mtu mmoja tu pale hakuvutwa na kitu. Chuki yake ilimwambia nyamaza, hofu yake ilimwambia nyamaza, mama yake mzazi alimwambia nyamaza, na hakuna hata moja lililoweza kumtawala. Huko unakokwenda utalisikia neno uhuru kila siku, na mimi nalitaka kama vijana wanavyolitaka. Nimechoka kuitwa "boi" na mtoto wa juzi, na kuonyeshwa behewa la kupanda. Litakuja, nami naomba niwe hai. Ila nilikuwa nikidhani mtu huru ni yule anayefanya apendavyo. Siku ile nilimwona mtu akifanya asilolipenda hata kidogo, na sijaona mtu huru kama yule tangu nizaliwe.

Wale waliosema wamemwona Mwandoe karibu na ghala waliulizwa tena, wakaanza kupotea njia katika maneno yao. Maungu nako alipatikana karani wa stesheni aliyeukumbuka ule mguu. Shauri halikufika Mombasa; Mwandoe aliachiwa. Nani alichoma ghala, au kama ni cheche tu ya mashine, mpaka leo haijulikani, na mzee Mutiso amelala na siri yake.

Usitarajie nikwambie Mwandoe alikuja kupiga magoti kwetu. Hakuja. Hakutuma hata salamu. Alirudi kazini kule kule, na sijasikia kwamba amekuwa mpole. Labda kidogo kwa wagonjwa, wengine husema hivyo, wengine hukana. Mwanamke mmoja alimwambia mama yako bombani, "Umemwona uliyemwokoa? Ni yule yule." Mama yako akasema, "Mimi sikwenda kwa sababu ni mwema." Akajitwika ndoo yake akaondoka. Kwa muda mrefu wanawake walikuwa wakimaliza kuteka ndipo yeye asogee. Ndizi zake Maungu zilikuwa zikirudi nyumbani zimeiva kupita kiasi. Ndiyo sababu ile likizo tulikula ndizi mpaka ukalalamika.

Nilimuuliza mara moja kama anajuta. Alifikiri sana, maana hapendi kujibu haraka. Akasema, "Namlilia mama kila siku. Lakini kujuta, la. Ningejuta kama ningekuwa na njia nyingine nikaiacha. Sikuiona." Nikamwambia njia ya kunyamaza ilikuwapo, pana kama barabara ya Mombasa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa angeweza kutembea juu ya dari.

Kile kimya cha nyanya yako kilidumu kiangazi na masika, na kiangazi kingine. Kila mama yako alipopata mtu anayepanda Mwanda alimpa kitu cha kupeleka: sukari, kitambaa, dawa ya kifua. Vilipokelewa. Neno halikurudi. Yeye aliendelea kutuma. Sikumwona akituma kwa uchungu, wala kwa kutaka kusifiwa. Alikuwa akisema ni mama yake, basi.

Wewe ulikuwa shule siku nyanya aliposhuka. Nilikuwa nimerudi kazini, nimekaa mlangoni navua viatu, nikamwona anakuja na fimbo yake kati ya nyumba za landi, hizi za wafanyakazi wa reli, mzee ambaye hajawahi kuja Voi bila kushikwa mkono. Niliinuka nikamwita, "Mama!" Hakunijibu. Alinipita akaingia ndani.

Mama yako alikuwa jikoni. Aligeuka na mwiko mkononi, akabaki hivyo.

Nyanya yako akasema akiwa amesimama, "Mghoi. Moyo wangu haujakubali. Sitaki uje ukafikiri umekubali. Nikilala namwona Mwakio, na nikimwona Mwakio nakukasirikia wewe."

"Ndiyo, mama."

"Nimejaribu kungoja mpaka hasira iishe ndipo nije. Haiishi. Nami ni mzee, naweza kufa bado nangoja." Akapumua, maana alikuwa amechoka kwa safari. "Lakini wewe ni mwanangu, na hukufanya kosa. Mtu ambaye hakufanya kosa hafungiwi mlango. Basi nimekuja hivyo hivyo, na hasira yangu."

Nilisimama pale mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Nikajua mama yako alikotoka.

Hakukuwa na kukumbatiana. Mama yako aliweka mwiko chini, akavuta kigoda, akaleta maji, akamnawisha mama yake mikono, kidole kimoja kimoja, polepole. Akampakulia chakula. Nyanya yako akala.

Nakusikia nje sasa, umerudi, unacheka na mama yako juu ya njugu zilizoungua. Nitaikunja barua hii niiweke katikati ya nguo zako, uikute ukifika. Ukimaliza kuisoma, usimwandikie mama yako kumsifu. Atadhani nimekuwa mgonjwa. Mwandikie umefika salama.

Baba yako,
Danieli